Nimemnyang'anya mpwa wangu leseni, na wala hakuwa anaendesha. Nimrudishie au nikaze?

#1 Mjomba wa Chumbageni (mtoa mada)

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 18 na miezi saba. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kumsimamia ni mimi. Alipotimiza 18 nikampeleka akajifunza pikipiki, akafanya mtihani kwa trafiki akafaulu, nikamlipia leseni. Nikamkabidhi Boxer yangu apige boda, hesabu 7,000 kwa siku, Ijumaa hana hesabu. Kijiwe chake Mabanda ya Papa, hapa Tanga. Miezi minne sijawahi kumuuliza hesabu, analeta mwenyewe.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani, Mikanjuni. Saa saba usiku dada ananipigia, mtoto hajarudi na simu haipatikani. Nikavaa kandambili nikatoka. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya watu amekalia ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha plastiki cha bluu mkononi, gongo imechanganywa na soda ya machungwa, na msokoto uliozimwa ameuchomeka juu ya sikio kama penseli ya fundi seremala. Aliponiona akasimama anipe heshima zangu. "Shikamoo mjomba." Kabla sijaitikia akaegemea ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa turubai la harusi.

Sasa sikilizeni hapa. Pikipiki ilikuwa kwangu uani, imefungwa mnyororo. Alikwenda kwa miguu. Lakini nilipomshika mkono kumtoa pale, akili ikanituma kwenye mfuko wake wa nyuma, nikachomoa leseni. Iko kwenye mkebe wa biskuti pamoja na hati ya kiwanja na risiti za maji. Nimemwambia miezi sita.

Dada anasema nimemwonea. Kosa la kijana ni kulewa, leseni inaingiaje? Mimi nasema aliyekuwa anaongea na turubai saa saba usiku ndiye saa kumi na mbili asubuhi angempakia mtoto wa mtu kumpeleka shule. Halafu nimesikia Marekani kijana akikutwa na pombe tu, hata kama yuko kitandani kwao, leseni inaondoka. Wenye kujua watujuze. Nirudishe au nikaze?

#2 Chuma Chakavu

Leseni umesema iko mkebeni. Msokoto hujasema uko wapi. Tunasubiri.

#3 Bi Shuu wa Makorora

Mwanangu, hongera kwa kutoka saa saba usiku. Wajomba wa siku hizi wanatuma pole kwa simu. Mimi hayo ya Marekani siyajui, ila nimelea wanne wa kiume hapa Makorora, na nakwambia mtoto wa kiume umnyang'anye kitu anachokililia. Kama leseni anaililia, umepata. Kama hajaiulizia tangu Jumamosi, basi umechukua karatasi.

#4 Mjomba wa Chumbageni

Shikamoo mama. Ulivyosema nimeshtuka. Hajaiulizia.

#5 Deiwaka Mstaafu

Mjomba nakuheshimu ila umekosea kitu cha kuchukua.

Boda hahitaji leseni ili pikipiki iwake, anahitaji ufunguo. Mimi nimepiga boda Kange miaka sita, miwili ya kwanza bila leseni, na sijisifu. Kijana akikosa pikipiki ya tajiri wake, kesho yake anakuwa deiwaka. Kwa wasiojua, deiwaka ni yule anayekaa kijiweni bila chombo, anangoja mwenzake aende kula au kulala, anachukua pikipiki saa tatu nne, anamwachia mwenye chombo elfu tatu, inayobaki yake. Hakuna anayemuuliza leseni. Anaulizwa kama ana mafuta.

Nakupa wiki moja. Kama hutamwona juu ya pikipiki ya mtu, nitakuja Chumbageni nikuoshee hiyo Boxer.

#6 Mwana wa Pongwe

Tanga mmezidi kulea. Huku kwetu bakora tu, uzi unafungwa. Sheria za wazungu za nini?

#7 Bi Shuu wa Makorora

Pongwe na Tanga ni wapi na wapi, baba? Daladala moja hiyo. Na hizo bakora ulizopigwa wewe zimekufundisha kuamkia wakubwa? Maana umeingia kwenye uzi hujasema hata hamjambo.

#8 Mwana wa Pongwe

Shikamoo bibi.

#9 Mbongo wa Baridini

Mtoa mada, ulichosikia ni kweli ila umepata nusu. Niko Marekani mwaka wa 14, mzaliwa wa Ngamiani, na hili limenikuta nyumbani kwangu, kwa hiyo vumilieni urefu.

Mambo yalianza 1984. Bunge lao lilitaka umri wa kununua pombe uwe 21 nchi nzima, lakini umri wa pombe ni mambo ya kila jimbo. Wakatumia pesa. Jimbo litakaloruhusu aliye chini ya 21 anunue pombe, linakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. Reagan akasaini. South Dakota wakagoma wakaenda mahakamani, wakashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1987, majaji saba kwa wawili. Kufika 1988 majimbo yote yalikuwa yameshakubali. Mwaka 1995 wakarudi na mtego uleule wa pesa: aliye chini ya 21 akikutwa anaendesha na kilevi cha 0.02 kwenye damu, tayari ana kosa. Kwa kijana mwembamba hiyo ni bia moja. Mtu mzima kikomo chake leo ni 0.08 karibu majimbo yote.

Hiyo ni ya kuendesha. Unayoulizia wewe ni nyingine, na majimbo mengi yanayo: kijana akikutwa na pombe au bangi, hata kama yuko kwa miguu, leseni inasimamishwa. Na kama bado hana leseni, ile siku ya kuruhusiwa kuiomba inasogezwa mbele. Yaani mtoto anaanza kutumikia adhabu ya kitu ambacho hajakipata.

Mwanangu alikuwa na 17. Sherehe kwenye chumba cha chini cha nyumba ya rafiki yake, majirani wakaita polisi kwa ajili ya kelele. Alikuwa na kopo moja la bia mkononi. Hakwenda na gari, alipelekwa na mama wa mwenzake. Jimbo nililopo wakasimamisha leseni yake miezi sita.

Sasa nikwambie adhabu ile aliitumikia nani. Mji wetu hauna basi. Kijana alikuwa na kazi ya kupanga bidhaa dukani kabla ya shule, zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Miezi sita naamka saa kumi kasoro, nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, nampeleka, narudi, naenda kazini kwangu. Februari ile siisahau. Yeye anasinzia siti ya pembeni, mimi ndio nahesabu siku.

Je, ilifanya kazi? Kwa mwanangu ndiyo, sitawadanganya. Kwa sababu huku kijana bila leseni ni sawa na kijana amefungwa mguu kitandani. Hawezi kwenda kazini, hawezi kumtembeza msichana, hata kitambulisho chake ni hiyohiyo leseni. Aliililia, kama alivyosema Bi Shuu.

Lakini upande wa dawa za kulevya walipitiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakataka yeyote aliyetiwa hatiani kwa dawa, umri wowote, hata kama kosa halina gari ndani yake, apoteze leseni miezi sita. Majimbo yaliruhusiwa kujitoa, na mengi yamejitoa. Massachusetts waliifuta 2016. Mtu katoka jela anataka kazi, kazi iko mbali, leseni hana. Anaendesha hivyohivyo, anakamatwa tena.

#10 Chuma Chakavu

Nimesoma yote na bado msokoto haujulikani ulipo.

#11 Sheria Mkononi

Nipo mwaka wa mwisho sheria, nyumbani Raskazone. Niweke vitu sawa kabla watu hawajaanza kupeana vifungu vya kijiweni.

Kwanza mjomba huna mamlaka ya kusimamisha leseni ya mtu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu kuendesha akishatiwa hatiani. Haimtaji mjomba popote. Ulichofanya ni adhabu ya nyumbani, na uzuri wake unategemea kama kijana bado anakuogopa. Pikipiki ni mali yako, hiyo unaweza kuinyima bila kumuuliza mtu.

Pili, na hapa ndipo naona watu wanapita bila kusimama. Angalieni umri. Kule aliko Mbongo wa Baridini kijana anaanza kuendesha gari akiwa na 16 majimbo mengi, na pombe anaruhusiwa akiwa na 21. Gari linatangulia pombe miaka mitano. Ile sheria yao yote imejengwa ndani ya hiyo miaka mitano, kwamba una kitu cha halali tunachoweza kukunyang'anya kwa sababu ya kitu kisicho halali.

Hapa kwetu leseni ya gari ni 18. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni aliye chini ya 18, na ni kosa kumuuzia pombe au kumruhusu kuingia baa. Kwa hiyo vitu viwili vinafika siku moja. Asubuhi ya kutimiza 18 kijana anaweza kwenda kuanza taratibu za leseni, na jioni akanywe bia halali. Aliye chini ya umri wa pombe hana leseni ya gari ya kunyang'anywa. Aliye na leseni, bia yake ni halali ilimradi asiendeshe. Ile sheria ukiileta Tanga leo inakosa mtu wa kumshika.

Mpwa wako ameponzwa na gongo na bangi, ambavyo havina umri. Hata mzee wa miaka 70 ni kosa.

#12 Mjomba wa Chumbageni

Mwanasheria hapo umenikalisha. Sikuwahi kuliona hivyo.

Chuma Chakavu, msokoto niliutupa chooni. Tuendelee.

#13 Chuma Chakavu

Aliyeona ukitupa ni nani? Haya, tuendelee.

#14 Kaka wa Donge

Swali kwa Sheria Mkononi. Hiyo ya kusogeza mbele siku ya leseni kwa ambaye hajafika umri, kwa nini isiletwe huku? Mtoto wa 15 akikutwa kilabu cha mnazi anaandikwa, akifika 18 anaambiwa subiri mpaka 19. Hapo kuna wa kumshika.

#15 Sheria Mkononi

Kimaandishi inawezekana. Shida ni kumbukumbu. Mtoto wa 15 hana kitambulisho cha taifa, anacho cheti cha kuzaliwa kama kipo. Aliyemwandika kilabuni Muheza atamtambuaje miaka mitatu baadaye Tanga mjini, jina moja lina watu kumi?

#16 Mzee Filimbi

Nimevaa nyeupe ya trafiki miaka 27, nimestaafu, sitaji vituo nilivyokaa.

Kijana wa Donge, ukimpa mtu uwezo wa kusogeza leseni ya mtoto wa mwenzake, umempa duka. Kila mzazi atakuja kununua. Nasema hivyo na mimi nilikuwa ndani.

Kuhusu kupima. Kikomo chetu ni 0.08, yaani miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Kile kifaa kinataka hewa ya ndani ya mapafu, si ya mdomoni, ndiyo maana tunakwambia puliza mpaka nikwambie basi. Madereva wa mabasi tunawapulizisha alfajiri stendi kabla hawajatoka, na inasaidia, kwa sababu basi lina ratiba na tajiri anayeogopa. Boda hana ratiba. Akikuona mbele anageuza, anapita uchochoroni. Usiku ule wa kigodoro hata sisi wenyewe tunakuwa tumelala.

Halafu kuna hesabu ambayo vijana wanaijua kuliko sisi. Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo ya pikipiki ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Nia ilikuwa njema, 30,000 ilikuwa inawaua. Lakini fikiria kama boda. Umezuiwa miezi sita, ukikaa nyumbani unakosa kila siku. Ukiingia barabarani, ukikamatwa mara moja kwa wiki mbili unalipa elfu kumi na unaendelea. Hapo leseni imekuwa kitu cha hiari.

#17 Sista wa Usiku

Habari zenu. Nipo wodi ya mifupa, hospitali siitaji na mji siutaji. Nimefuatilia tangu juzi nikawa najizuia.

Jumapili alfajiri ndio siku yetu. Harufu inafika kabla ya machela. Suruali tunaikata kwa mkasi, ya jinzi inasumbua, mshono wa pembeni mgumu. Mfupa wa paja ukivunjika damu inaweza kuingia ndani ya nyama lita nzima na zaidi, na wewe kwa nje unaona paja limevimba tu, ngozi haina hata mkwaruzo. Ndugu wanasema afadhali hajatoka damu.

Mlevi aliyegonga kichwa ndiye anayenitoa jasho. Mtu asiyekunywa ukimwita haitiki, unajua kuna jambo. Huyu ukimwita haitiki, hujui amelala kwa gongo au damu inamkusanyikia kwenye ubongo. Unakaa naye, kila baada ya muda unamfunua macho unamulika tochi, unaangalia mboni zote mbili ziko sawa. Ndugu wanakwambia mwache alale, pombe itaisha. Wapo walioachwa walale.

Helmeti mara nyingi inaletwa nzima, haina hata mchubuko. Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani.

Na kuna mtu mmoja hamjamtaja kwenye uzi wote huu. Abiria. Mwezi uliopita nilikuwa na mama muuza samaki, alikuwa anawahi mnadani alfajiri, ndoo yake imekuja naye. Hakunywa kitu. Amevunjika miguu yote miwili, aliyemkalisha nyuma alitoka siku ya nne na mkono umefungwa. Mjomba, mimi ningekuwa wewe ningekaza. Sijui nikaze nini, ila ningekaza.

#18 Mbongo wa Baridini

Sista, ahsante. Huo uzembe wa "mwache alale" upo hata huku.

#19 Mama Ruu

Sijachangia, nalia tu kwa huyo mama wa ndoo.

#20 Mwana wa Pongwe

Niliongea hovyo kule juu. Mdogo wangu anapiga boda. Nimempigia simu sasa hivi kumuuliza yuko wapi, kashangaa.

#21 Kaka wa Donge

Kwa hiyo pombe ikiwa ndiyo chanzo, kwa nini tunamkimbiza mnywaji tu? Viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 hapa Tanga tuliona tofauti kwa macho. Ilikuwa mtoto wa shule anaweka kiroba kwenye soksi. Vikaja vichupa, sawa, lakini kichupa kinaonekana na bei yake si ya mia tano. Mimi naona anyang'anywe leseni muuzaji kabla ya dereva. Yeye ana leseni iliyobandikwa ukutani, ana mlango, hawezi kupita uchochoroni.

#22 Mzee Filimbi

Muuza gongo ana leseni ukutani? Wapi huko nihamie.

#23 Kaka wa Donge

Nasema wenye baa mzee wangu.

#24 Bi Shuu wa Makorora

Muuza gongo anajulikana mtaa mzima, na mtaa mzima unakula kwake harusi ya bintiye. Tuacheni hapo.

#25 Mjomba wa Chumbageni

MREJESHO.

Deiwaka Mstaafu, kaa vizuri kwenye kiti.

Leo nilikwenda Ngamiani, Barabara ya 12, kutafuta koki ya bomba. Kutoka nje mvua, nimeshika mwavuli umenifunika uso. Nikanyoosha mkono, boda akakata kona akaja. Akasimama. Nikainua mwavuli.

Mpwa wangu.

Pikipiki siijui, nyekundu, siti imefungwa kwa mpira wa tairi. Tukaangaliana. Nikakunja mwavuli nikapanda nyuma. "Chumbageni." Tumetoka pale mpaka kwangu hakuna aliyefungua mdomo. Kila tukifika kwenye kona naona anashusha mguu wa kulia anaburuza kiatu chini. Nikadhani woga. Tumefika nikashuka.

"Shilingi ngapi?"

"Mjomba..."

"Nimekuuliza shilingi ngapi."

"Elfu moja."

Nikampa elfu moja. Akaipokea kwa mikono miwili.

Ndipo nikamuuliza ule mguu. Ananiambia breki ya nyuma ya pikipiki ile imekwisha, mwenyewe anasema atatengeneza mwisho wa mwezi, kwa hiyo wanasaidiana na kiatu. Nikamtazama soli, upande mmoja umelika kama sabuni. Kijana alikuwa na chombo kizima, breki mbili, leseni mfukoni. Mimi nimemnyang'anya, sasa hana leseni, hana breki, na ana deni la elfu tatu kwa mtu kila siku. Na bado yuko barabarani anabeba watu. Kanibeba mimi.

#26 Deiwaka Mstaafu

Sicheki mkuu. Nilitamani nikosee, hata ile Boxer ningeiosha.

Kiatu hicho nimekivaa. Mvua ikinyesha lami ikiwa na mafuta, kiatu hakishiki kitu.

#27 Sheria Mkononi

Na kama angekuangusha ukaumia, mjomba, suala la kwanza kuulizwa lingekuwa leseni ya dereva iko wapi. Iko kwa majeruhi, kwenye mkebe wa biskuti.

#28 Chuma Chakavu

Hii sijui hata niweke utani wapi.

#29 Mbongo wa Baridini

Mjomba usijilaumu sana. Ndiyo kilekile kilichowakuta hawa wa huku kwenye dawa za kulevya. Mtu ambaye lazima atembee, ukimfungia mlango halali anapita dirishani. Kwa mwanangu ilikubali kwa sababu mimi nilikuwa naamka saa kumi kumpeleka. Ningekataa kumpeleka, angeendesha.

#30 Bi Shuu wa Makorora

Mwanangu, mrudishie mtoto leseni yake leo. Halafu ufunguo asilale nao. Nyumba hiyo ina mtu mzima nani?

#31 Mjomba wa Chumbageni

Yupo bi mkubwa, mama yangu mzazi. Dada na kijana wanaishi naye nyumba moja, mimi niko nyumba ya tatu.

#32 Bi Shuu wa Makorora

Basi umemaliza. Mpe yeye.

#33 Kaka wa Donge

Bibi atapimaje kilevi? Pombe ya usiku asubuhi harufu imeshapungua, kichwa bado.

#34 Sista wa Usiku

Kweli. Mwili unatoa pombe taratibu, kwa saa. Aliyekunywa sana mpaka saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado anayo. Kuoga maji baridi na chai ya rangi haviharakishi, vinamwamsha tu. Anakuwa mlevi aliye macho.

#35 Mjomba wa Chumbageni

MREJESHO wa pili, wiki tatu baadaye. Kuna walionitumia ujumbe faragha kuuliza, ahsanteni.

Leseni nilirudisha siku ileile. Pikipiki nayo. Kuhusu ile nyekundu, nilimtafuta mwenye chombo, tukagombana kidogo, mwisho nikanunua viatu vya breki mwenyewe fundi akafunga mbele yangu. Najua si yangu.

Ufunguo ikifika jioni saa moja unaingia kwa bi mkubwa, anauweka chini ya mto. Sikumpa maelekezo yoyote, nilimwambia tu asubuhi umtazame kwanza. Kumbe mama ana mambo yake. Anadarizi kofia, kazi ya miaka, sasa macho hayaoni tundu la sindano. Zamani alikuwa anangoja wajukuu watoke madrasa wamtungie uzi. Siku hizi saa kumi na mbili asubuhi anamwita kijana, anamketisha mlangoni penye mwanga, anampa sindano tano, ndogo zile za kofia. Akitunga zote tano ufunguo unatoka chini ya mto. Hasemi neno la pombe, hasemi neno la bangi. Anasema, "Nitungie nianze kazi, baba."

Kijana naye hajasema lolote. Hajaacha kwenda vigodoro, nisije nikawadanganya. Ila dada anasema siku za kazi anarudi kabla ya saa nne, ananawa mikono, analala.

Jana ilikuwa Jumapili. Alitunga mbili. Ya tatu akauloweka uzi mdomoni, akaukaza, akajaribu, akajaribu, jasho linamtoka puani. Bi mkubwa akapokea sindano zake zote tano, akazichomeka kwenye kitambaa, akamwambia kalale. Akalala mpaka adhuhuri.

#36 Chuma Chakavu

Mzee Filimbi, kile kifaa chenu cha kupuliza kilikuwa shilingi ngapi? Huku Chumbageni wanapima kwa uzi.

#37 Mzee Filimbi

Bi mkubwa angekuwa kikosini mimi nisingestaafu na magoti haya.

#38 Deiwaka Mstaafu

Mjomba, na hesabu ya jana?

#39 Mjomba wa Chumbageni

Jana hapakuwa na hesabu. Sikumdai.